Bwana Ndoo wa Jules Street

Jumanne, 9 Septemba

Maji yamekatika tena, Malvern nzima, Johannesburg hii. Ndoo zinakwenda kama njugu! Nilizipanga barazani kabla sijafungua hata pazia la duka — kubwa nyuma, ndogo mbele, zenye mifuniko juu kabisa, zionekane kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yanaposimama. MaZwane wa saluni kavuka barabara mbio, kamwacha mteja ndani ana povu kichwani. Kachukua mbili. Kasema mwaka huu kiu itatuua. Nikampa pole. Baada ya kupokea pesa.

Mchana kaingia dada wa Kikenya, miwani, viatu vya ofisini. Hakuangalia ndoo wala vitenge. Anaangalia dari! Nikajua huyu mkaguzi. Kumbe ni mwalimu wa historia chuo kikuu, anaitwa Kawira. Anasema dari langu hili la bati lenye maua ni la zamani sana. Duka lilijengwa na Mzungu mmoja, Josiah Trewin, mfanyabiashara aliyekuja kuwa diwani. Siku ya Urithi, tarehe 24, watamwekea kibao cha buluu cha ukumbusho ukutani, kando ya mlango wangu.

Trewin! Si ndilo jina la Mzee Rodney, mwenye jengo? Ndilo. Marehemu ni baba wa babu yake.

Bakiri, fundi simu ninayemkodishia kona ya dirishani, hakuinua hata kichwa. "Bi Shufaa, jengo likishapewa kibao, mpangaji aanze kufunga virago." Mzanzibari huyu! Nilimwambia atengeneze simu za watu, utabiri awaachie wenyewe.

Alhamisi, 11 Septemba

Bakiri hakukosea. Mzee Rodney kaja asubuhi na kijana wa futi, wanapima upana wa baraza. Kanisalimia kwa adabu zake zile zile, bila tabasamu. Miaka yote hii namlipa kodi sijui hata kama ana meno. Bakiri aliinamia simu lakini masikio yote kule. Wanazungumza kahawa. Mkahawa! Utaitwa kwa jina la marehemu. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Oktoba.

Mbele yao nilijikaza kisabuni. Wakaondoka, nikaketi juu ya dumu. Niko hapa tangu Yasmin hajaanza shule, na sasa binti yangu mrefu kuliko mimi, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Nikitoka hapa niende wapi? Newtown nilishauza juani. Mvua ikinyesha, vitenge vinachuja rangi kwenye viatu vya wateja. Sirudi kule. Naogopa — basi, nimeandika.

Jumapili, 14 Septemba

Kawira karudi na picha za marehemu kwenye simu. Tumbo hilo! Na ndevu, na saa ya mnyororo. Nikampa chai na sambusa, kanisimulia maisha yote ya marehemu, nimecheka hadi nikapaliwa.

Alifika Johannesburg 1889 na gari la maksai lililojaa mishumaa. Migodini giza, mishumaa ikaisha. Akaleta sururu, akaleta machepe, akaleta mablanketi. Siku moja maksai wa mtu kafia katikati ya barabara, kavimba hapo, kila mtu anaziba pua na kulaumu. Trewin akaleta mkokoteni wake akamwondoa. Bure! Ila kwanza aliandika jina la duka ubavuni mwa mkokoteni, herufi kubwa kama milango, na akapita mitaa yote, hata isiyokuwa njiani. Uchaguzi ulipofika wakampa udiwani.

Huyu mtu namjua! Ngamiani, kwetu Tanga, wamejaa.

Sasa utamu. Enzi hizo vyoo ni ndoo, unaiweka nyuma ya nyumba, inabebwa usiku. Diwani Trewin kasimama kwenye baraza la mji, kapigania sheria mpaka ikapita: kila nyumba iwe na ndoo mbili za bati, zenye mifuniko. Ndoo hizo zinauzwa wapi? Kwa Trewin! Ndizo zilizomjengea duka hili la Jules Street na dari lake la maua. Nimembatiza Bwana Ndoo.

Halafu Kawira kaweka kikombe chini. Kasema yapo na machungu. Diwani huyo huyo alitaka wachuuzi wa Kihindi na wa rangi yetu wafukuzwe barabarani, wasiite wateja, wasitandike bidhaa. Nikaziangalia ndoo zangu pale barazani. Nikacheka tena, lakini hicho kilikuwa kicheko kingine.

Jumamosi, 20 Septemba

Kawira kapiga simu. Siku ya kibao, mwenye duka wa sasa naye aseme maneno machache. Mimi!

Nikamuuliza: familia ina mtani? "Mtani ni nani?" Nikamweleza: mtu wa kumwigiza marehemu, kumtania mbele ya watu wake, ili wafiwa wacheke. Nyuma yake nasikia watoto wake wanagombana, mmoja analilia soksi. "Sawa, sawa, Dada Shufaa. Wewe ongea tu vile unajua. Usijali."

Basi sijali. Babu yangu alipokufa Handeni, mtani wetu wa Kinyamwezi alivaa koti la marehemu na kofia yake, akachechemea uani kama yeye, akafokea kuku, akadai chai isiyo na sukari kisha akaomba sukari. Bibi alicheka machozi yakimtoka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa mlo wake wa kwanza siku ile. Sisi Wazigua mtu wetu hasindikizwi kwa sifa tupu. Huyu Bwana Ndoo kafa miaka yote hii na hajapata mtani hata wa kuazima. Maskini! Ndiyo maana kitukuu wake hacheki.

Bakiri kasema kwao Unguja marehemu anasomewa, hachezewi. Nikamwomba kofia yake ya pama. Kakataa. Kisha kanipa.

Jumatano, 24 Septemba. Siku ya Urithi

Mambo yamekwenda mrama. Mrama kabisa!

Viti vyeupe vimepangwa kando ya barabara, wageni wa heshima mbele, sisi wa mtaa tumesimama nyuma. Kila aliyeshika kipaza sauti kamvika marehemu kilemba cha ukoka. Mtu wa maono. Baba wa usafi. Rafiki wa wote. Rafiki wa wote! Mzee Rodney kakaa mikono magotini, anaitikia kwa kichwa, uso umekunjamana utadhani kafiwa leo asubuhi. Nilimwonea huruma kweli. Nikasema moyoni, subiri mzee, nakuja.

Zamu yangu. Nimevaa pama ya Bakiri, koti la mtumba, mto wa kochi tumboni, na mkononi ndoo niliyoitoboa mwenyewe kwa msumari. Nikatembea tumbo mbele. Nikasema kwa Kiingereza changu: wapiga kura wapenzi, mnanuka! Lakini diwani wenu nawapenda, nunueni ndoo mbili! Maji yananichuruzikia miguuni. Inavuja? Basi nunueni tatu! MaZwane kakaa chini kwa kucheka. Nikapata nguvu. Na nyinyi wachuuzi wageni, tokeni barabarani kwangu! Nikageuka, nikaliona duka, nikaruka nyuma: nani yule ndani? Mwanamke wa Tanga? Anauza ndoo? Kwangu? Nikashika kifua, nikaanguka, nikafa. Chini pale pale, miguu juu.

Nyuma vigelegele na miluzi. Mbele kimya. Nikiwa nimelala niliyasikia maji yakidondoka kutoka kwenye ndoo.

Nikafungua jicho moja. Mzee Rodney mwekundu kutoka shingoni hadi kwenye upara. Kainuka, kavuta kamba, pazia likaanguka, kibao kikaonekana, kaenda zake. Hata sambusa hakugusa, na nilizikaanga kwa ajili yake.

Kawira kanivuta nyuma ya jengo. "Aki Dada Shufaa, umenimaliza! Hawa watu ndio wametoa pesa ya kibao. Si ungeniambia?" Nilimwambia! Jumamosi! Mtani! Kasimama, kakumbuka, kajishika kichwa. Kisha mwalimu ni mwalimu — kaniuliza polepole kama Wazigua wote wanafanya hivyo, na kama anaweza kunirekodi siku nyingine.

Nilitaka kumfanyia mzee wa watu hisani. Nimejitoa dukani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi, 25 Septemba

Bakiri hajasema neno. Afadhali angesema. Maji yamerudi, ya rangi ya chai. Ndoo haziulizwi.

Mzee Rodney kapiga simu. Anakuja Jumamosi, tuzungumze. Sauti haina joto wala baridi.

Jumamosi, 27 Septemba

Kaja. Kabeba ndoo!

Ya bati, kuukuu, jina la Trewin limegongwa ubavuni. Kaiweka juu ya kaunta, juu ya khanga mpya, kaniambia niijaze. Nikajaza. Kavuta stuli, kakaa, mikono magotini, anaitazama. Mimi naitazama. Bakiri anaitazama, bisibisi mkononi. Wateja wanaingia, wanaona Mzungu analinda ndoo, wanatoka bila kuuliza bei. MaZwane kachungulia, kasema "Hawu!", karudi kwake.

Mwisho kainyanyua. Kapitisha kidole chini yake, kanionyesha. Kikavu! Khanga nayo kavu.

Ndipo akaongea. Baba wa babu yake aliuza ndoo kwa ujanja — sawa, anakubali. Wachuuzi aliwaonea, ni aibu, kwao kila mtu anajua na hakuna anayesema mezani. Hayo nimeyasema mimi, basi yamesemwa. Lakini zilikuwa ndoo nzuri. Hazikuvuja! Hata moja!

Kumbe kinachomuuma ni hicho! Kicheko kilinipanda hadi kooni, nikakimeza kwa ajili ya mkataba.

Kisha sharti. Mkahawa hajaamua. Mkataba mpya atanipa, ila kwanza niombe radhi mbele ya watu wale wale. Jumamosi ijayo mtaa una kikao cha maji kwenye ukumbi wa kanisa, na Kawira ataalika wale wageni wake. Nisimame niseme nilikosea, nafuta. Kaimwaga ile ndoo ya kwake ndani ya ndoo yangu ya plastiki, taratibu, tone halikupotea. Kaondoka.

Jumatatu, 29 Septemba

"Omba radhi, Bi Shufaa! Neno moja tu! Mie nitakwenda wapi na simu za watu?" Bakiri kapata sauti yake sasa. Yasmin naye, kwa Kiingereza chake cha puani: Mama, sorry haiumi.

Wanasema kweli wote wawili. Tangu juzi najaribu maneno mbele ya kioo. Hayatoki.

Si kiburi. Mtani haombi radhi! Nikiomba radhi, yale yote yanageuka matusi, na nitakuwa kweli nimemtukana maiti wa watu mbele ya kitukuu wake. Yule Mnyamwezi wetu angemwomba bibi radhi, bibi angeanza kulia upya. Hapana. Walimpa jogoo anyamaze, kanyamaza. Na mwaka uliofuata kulipotokea msiba kwao, shangazi yangu alikwenda kujilaza kwenye kitanda cha marehemu, kakataa kutoka mpaka apikiwe. Utani unalipwa kwa utani. Haulipwi kwa kitu kingine.

Lakini hayo utamwelezaje mtu wa kupima baraza?

Jumatano, 1 Oktoba

Nimempigia. Roho mkononi, lakini nimempigia.

Nikamwambia: radhi siwezi, na sababu ni hii na hii. Ila ana haki ya kunirudishia. Asimame kwenye kikao, anitanie mimi. Anitanie vibaya, anionyeshe nilivyo, mbele ya mtaa mzima. Nikinuna, nimeshindwa, duka lake achukue.

Kauliza: kwa hiyo unataka nikutukane? Nikasema ndiyo, mzee, kwa heshima zote. Kasema yeye si mtu wa kuchekesha. Nikasema hilo mtaa mzima unalijua, ajaribu tu. Halafu kauliza ule mto wa tumboni niliufunga na nini, haukuanguka hata nilipokufa.

Sijui hilo maana yake ni nini. Nimemwambia: kwa khanga.

Jambo jingine. MaZwane anataka niingie kamati ya maji. Kura ni Jumamosi hiyo hiyo. Kuna mzee mmoja kanung'unika, mgeni ataingiaje kamati. MaZwane kamuuliza kama maji yakikatika yanabagua pasipoti. Mimi, kamati! Bakiri kasema ukutani hapana nafasi ya kibao cha pili. Nimemtupia kitambaa. Lakini sikukataa. Naijua kila nyumba ya mtaa huu yenye bomba bovu, maana wote wananilalamikia mimi wakati wa kununua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mapumziko ya chai. Niko kwenye ngazi za nyuma za ukumbi, daftari magotini. Lazima niandike sasa hivi, kabla sijarudi ndani.

Maji yalikatika jana, kwa hiyo ukumbi umejaa na watu wana hasira. MaZwane, mwenyekiti wa kikao, kasema kwanza Mzee Rodney ana neno. Nikageuka. Mzee kapanda jukwaani kajitanda khanga! Ya kwangu, ya maua mekundu! Bakiri kamuuzia kwa siri, na usoni kajitia hamnazo. Mkononi ndoo, ndani yake ndoo nyingine, ndani yake nyingine.

Kisha kaanza, sauti nyembamba, kiuno upande — mimi mtupu! "Karibu, karibu, my dear! Maji hakuna? Shame! Pole sana!" Pole kasema kwa Kiswahili, na kila pole inatoka na ndoo. Pole sana, ndoo. Pole mama, ndoo kubwa. Poleni na watoto, ndoo yenye mfuniko! Halafu kapiga magoti, pole pole, mkono kwenye meza, kainua macho juu: Mungu wangu, nakuomba, yasirudi kabla ya Jumatatu!

Watu walivunjika mbavu. Yule mzee aliyenung'unika kagonga sakafu kwa fimbo. Kawira kalia hadi miwani ikaanguka. Nami nilicheka, wa kwanza kabisa, kwa nguvu zote. Sikununa!

Halafu kikanichoma. Hapa, kifuani. Kwa sababu dua hiyo niliwahi kuiomba. Si kwa sauti.

Kashuka, kanipa mkono, kacheka. Ana meno, tena mazuri! Kasema tumelipana. Mkataba uko mfukoni mwa koti lake, tutatia saini kikao kikiisha. Nilitaka kumbusu ule upara.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha kuliko wote Johannesburg. Lakini kasimama kijana wa ofisi ya diwani. Maji yakikatika, lori litakuja. Tatizo ni wazee na wagonjwa wasioweza kusimama foleni. Hao wapewe ndoo za kuhifadhia, zenye mifuniko, mbili kila nyumba. Fungu lipo. Kamati itakayochaguliwa leo ndiyo itakayoamua zinunuliwe wapi.

Mbili! Zenye mifuniko! Nikamwona Kawira kaacha kuandika, kalamu hewani.

MaZwane, na moyo wake mweupe, kapiga makofi: basi kazi imekwisha! Shufaa tunamweka kamati, na ndoo anazo hapo hapo dukani! Ukumbi mzima ukashangilia. Wananishika mabega, wananipongeza. Hakuna aliyeona kitu. Ila Mzee Rodney, khanga bado mabegani, ananitazama juu ya miwani. Hachekeshi tena. Kura baada ya chai.

Nayataka yote mawili. Daftari hili halina msomaji, basi niseme: nayataka yote mawili! Kamati naitaka, nitawapigia kelele mpaka mabomba yatengenezwe. Na kuuza nataka, nyumba za wazee wa Malvern zote, stoo itaisha, nitaagiza nyingine. Kosa liko wapi? Nani mwingine anazo karibu? Tena ni ndoo nzuri. Hazivuji hata moja.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho. Nikahisi mto tumboni.

Bakiri katoa kichwa mlangoni. Wanaanza, MaZwane ananiita, chai yangu imepoa. Anauliza akimbie dukani, alete ndoo ngapi za kuwaonyesha wale wa ofisi? Nimemwambia moja inatosha. Ile yenye tundu, ya Bwana Ndoo. Na pama yake.